Ushauri: muvi za kale za mapenzi na mapinduzi, nianze na ipi?

Wakuu habari za mchana. Nina kibanda umiza (banda la kuonyeshea mpira na muvi) huku Igoma, Mwanza, siku za mpira panajaa mpaka nje ila katikati ya wiki viti vinakaa vyenyewe. Sasa mdogo wangu wa kike yuko form six HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) kaniganda niweke zile muvi za kale zilizotoka kwenye riwaya, mapenzi ndani ya mapinduzi, eti wenzake watajaa. Kanitajia Doctor Zhivago na A Tale of Two Cities. Wasiwasi wangu watu wa huku washazoea muvi ya DJ, ile anayotafsiri mtu kwa Kiswahili juu yake, hizi za kusoma maandishi chini si watanidai hela yao? Nianze na ipi?

Mwana Kirumba: Anza na Tale of Two Cities mkuu, ile ya 1935 ya Ronald Colman. Haina rangi lakini masaa mawili na kidogo imeisha, na stori inaeleweka hata bila DJ. Wakili mlevi anampenda mke wa mtu, mapinduzi ya Ufaransa yanamkamata mume akatwe kichwa, wakili anaingia gerezani anakaa nafasi yake. Kuna binti mshonaji naye anasubiri kukatwa kichwa, anagundua kwamba huyu siye yule mume, anaomba tu amshike mkono. Hapo hata wauza dagaa wanalia nakwambia

Bi Mkubwa Nyegezi: Zhivago ya 1965 ndo yenyewe. Inazidi masaa matatu ila ina mapumziko katikati, uza soda na karanga. Ile theluji nyingi walishutia Hispania, maana Wasovieti kitabu walishakipiga marufuku na mwandishi wake Pasternak alipopewa Nobel 1958 akabanwa mpaka akaikataa. Angalia wapanda farasi wanavyovamia waandamanaji, panga zikishuka hawakuonyeshi, kamera inabaki usoni kwa Omar Sharif, ndo Zhivago mwenyewe, kule juu roshani, unaona kila kitu machoni kwake

Sato Mbichi: Les Misérables vipi, mapinduzi ya 1789 mule ni moto

Mwana Kirumba: Kaka ule ni uasi wa Paris Juni 1832, ulizimwa siku mbili tu. HGL watakucheka 😂

Mwenye uzi: Shukrani, naanza na ya 1935. Ila Bi Mkubwa, huyo Zhivago ana mke na bado ana Lara, kina mama wa huku watamwelewa kweli?

Bi Mkubwa Nyegezi: Kwenye kitabu mke mwenyewe anamwandikia barua anakiri Lara ni mtu mzuri. Siku hiyo ongeza mabenchi, hawatoki mapema