Tupeane uzoefu: sentensi gani ya Kiingereza ilikutesa zaidi?

Wadau habari zenu. Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza na kila Januari ni kilekile, mtoto kasoma miaka saba kwa Kiswahili halafu anakutana na sentensi za maswali. Sisi tunauliza kwa sauti tu, "unakunywa chai" na "unakunywa chai?" hakuna neno lililobadilika. Kiingereza kinataka "Do you drink tea?", mtoto ananiuliza hiyo "do" imetoka wapi wakati kwenye "You drink tea" haipo, na ana haki kabisa ya kuuliza. Nyie wenzangu ipi iliwasumbua na mlitokaje?

#2
Ticha mimi ni swali lenye ukanushi. Kwenye intavyuu ya kazi nikaulizwa "You don't have a driving licence?" nikajibu "Yes", kichwani namaanisha ndiyo, sina, si ndo tunavyojibu mtu akikuuliza hujala? Yeye akaandika ninayo. Siku ya kwanza kazini nakabidhiwa funguo za gari, ikabidi nijieleze mbele za watu na iliniuma sana. Siku hizi neno moja sijibu, namalizia kabisa "No, I don't".

#3
Sentensi changamano. "Although it rained, but we went". Ingawa mvua ilinyesha lakini tulienda, kwetu iko sawa tu! Daftari lilikuwa linarudi na wino mwekundu kwenye hiyo "but" bila maelezo, nimefika chuo ndo mtu akanielewesha kwamba hizo mbili zinafanya kazi moja, ukiweka hii ile inatoka. Walimu tuambieni sababu jamani, msikate tu.

#4
Niko Uingereza, nilichelewa kujua kwamba amri huku inavaa nguo ya swali. Bosi kasema "Could you close the door?" nikamjibu "Yes" nikaendelea na kazi, nikidhani anauliza kama naweza. Na mimi nikisema "Give me the keys" naonekana sina adabu, wakati "nipe funguo" kwa mtu mliyezoeana haina ubaya wowote.

#5
Asanteni sana. #3 umenigusa, hata mimi nimewahi kukata bila kueleza. #2 mfano wako naomba niutumie, kesho kipindi cha kwanza naingia na "hujala?".