Estonia wanajilinda na Mrusi kwa polisi?? Wajuvi wa mambo njooni

mtaa_wa_pili:
Wakuu habari za jioni. Naombeni kueleweshwa. Nimeona klipu ya mji unaitwa Narva, uko Estonia, mto umepita katikati, huku kuna ngome yao na ng'ambo ile kuna ngome ya Urusi zinatazamana kabisa uso kwa uso, halafu pale darajani wanaokagua watu ni polisi, sio wanajeshi. Sasa nchi yenyewe ina watu milioni 1.3 na ushee hivi, Ilala peke yake inawapita, jirani yao ndio yule mnayemjua, halafu unaweka polisi na mhuri?? Au jeshi limejificha nyuma? Na hawa polisi wa mpaka walianzaje maana Estonia si ilikuwa ndani ya Soviet.

KobeMzee:
Trafiki hao mkuu wanaangalia bima 😂😂

dada_Tartu:
Niko huku kimasomo ngoja nijaribu. Jeshi wanalo na NATO wamo tangu 2004, ila mpaka uko chini ya wizara ya mambo ya ndani na hilo wamelichagua kwa makusudi. Polisi akimkamata mtu kavuka porini usiku, hiyo ni kesi, anaandikiwa, anapelekwa mahakamani, basi. Mwanajeshi akikutana na mwanajeshi mwenzake wa upande wa pili na mmoja akafyatua, hapo mnazungumza habari nyingine kabisa. Nchi ndogo inataka kila tukio la mpakani libaki dogo.

Historia yake sasa. Kikosi cha mpaka kilianzishwa Novemba 1922, miaka miwili na ushee baada ya mkataba wa amani wa Tartu waliousaini na Warusi Februari 1920. Na kazi iliyowatoa jasho miaka hiyo haikuwa Mrusi peke yake, ilikuwa pombe! Finland walipiga marufuku pombe kuanzia 1919 mpaka 1932, basi vijana wa pwani ya Estonia wakawa wanavusha spiriti kwa boti usiku, na askari wa mpaka ndio wa kuwafukuza baharini, na wengine hao unaowafukuza ni majirani zako mnaosali kanisa moja. 1940 Wasovieti wakaingia, kikosi kikavunjwa.

Enzi ya Soviet pwani nzima ikawa chini ya askari wa mpaka wa KGB, shirika la usalama la Soviet. Kwenda visiwa kama Saaremaa na Hiiumaa unaomba kibali. Ufukweni mchanga ulikuwa unaparurwa jioni ubaki laini kabisa, ili asubuhi wakikuta nyayo wajue kuna mtu kaingia au katoroka kwenda Finland. Yaani mpaka ulikuwepo na ulinzi ulikuwepo sana tu, ila ulikuwa unawalinda Waestonia wasitoke.

mtaa_wa_pili:
Duh hiyo ya mchanga sikuwahi kuisikia. Endelea dada.

dada_Tartu:
Sehemu ninayoipenda ni 1990. Estonia bado iko ndani ya Soviet, lakini serikali ya waziri mkuu wao Savisaar ikasema tunaweka mpaka wa kiuchumi, maana bidhaa zilikuwa zinabebwa zinaishia nje, madukani watu wanakuta rafu tupu. Askari hawana, wakawatumia mgambo wa kujitolea, wakawekewa vibanda barabarani wanakagua mabuti ya magari. Tarehe 1 Novemba 1990 kikosi cha mpaka kikarudishwa rasmi. Uhuru wenyewe umetangazwa tena 20 Agosti 1991! Kwa hiyo walikuwa na walinzi wa mpaka karibu miezi kumi kabla ya kuwa na nchi inayotambulika, mimi hapo nawavulia kofia.

Lusajo_wa_Kyela:
Dada umeeleza vizuri ila umepita haraka kwenye damu. Vile vibanda havikuwa mchezo, polisi maalumu wa Soviet, wale OMON, walikuwa wanavivamia, wanapiga watu, wanachoma moto, nchi zote tatu za Baltiki, yaani Estonia, Latvia na Lithuania. Kule Lithuania kituo cha Medininkai tarehe 31 Julai 1991 waliuawa walinzi saba, akapona mmoja tu, Tomas Šernas, mtu wa forodha, alipigwa risasi ya kichwa, na baadaye akaja kuwa mchungaji. Wale hawakuwa na silaha za maana. Kwa hiyo mtu akisema polisi mpakani ni udhaifu, hao watu walishalipa bei yake tayari.

Halafu kuna jambo la 2010. Januari mwaka ule wakaunganisha polisi, walinzi wa mpaka na idara ya uraia na uhamiaji ikawa taasisi moja, wanaiita PPA kwa kifupi. Ni kama kwetu Polisi, Uhamiaji na NIDA wawe geti moja. Paspoti, kitambulisho, doria ya porini, uokoaji baharini, wote hao hao. Mimi binafsi siipendi sana hiyo, kulinda msitu kwenye baridi ni fani yake, huwezi ukamchukua mtu wa kupiga picha za vitambulisho. Ila kwa watu wachache vile labda hawana ujanja.

dada_Tartu:
@Lusajo kweli, japo wanaokaa mpakani wana mafunzo yao, hawachukuliwi dirishani. Na sehemu kubwa ya mpaka ni maji, mto Narva na ziwa Peipsi. Ziwa likiganda wavuvi wanatoboa barafu wanavua, sasa askari wana kazi ya kuzunguka kuhakikisha hakuna aliyefuata samaki mpaka Urusi. Mpaka wenyewe hauna hata mkataba ulioridhiwa, walisaini 2005 Urusi ikaondoa saini yake, wakasaini tena 2014, mpaka leo kimya. Mei 2024 Warusi wakaja saa tisa usiku wakang'oa maboya 24 mtoni Narva, yale ya kuonyesha boti zipite wapi. PPA walichofanya ni kurekodi, kuandika ripoti na kudai maboya yao. Hakuna risasi.

KobeMzee:
Wangekuwa wa kwetu wangesema boya limebebwa na maji

mtaa_wa_pili:
😂😂 Asanteni sana wakuu. Swali la mwisho, lile daraja mtu wa kawaida anavuka bado? Kuna jamaa yangu anasoma St. Petersburg anataka kupitia huko.

dada_Tartu:
Anavuka kwa miguu tu, magari hayapiti tangu Februari 2024, na usiku wanafunga. Mwambie asibebe begi la magurudumu mabovu, na aangalie vizuri vikwazo vya EU, orodha ya vitu visivyoruhusiwa kwenda Urusi ni ndefu na pale wanafungua kila kitu. Noti za euro pia wanauliza. Awahi asubuhi, foleni inakuwa nje na kipupwe cha mtoni hakina adabu.

Lusajo_wa_Kyela:
Na viza ya Schengen awe nayo kabla hajafika pale, asije akadhani anagongewa mhuri dirishani kama Kasumulu kwetu mpakani na Malawi.