Mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo amechoka: jumuiya tumsaidieje?

Jumuiya_Makorora
Bwana asifiwe. Hapa Makorora, Tanga, tuna mama anayelea mtoto wa miaka 6 mwenye mtindio wa ubongo na kifafa. Miezi miwili haji ibadani, halali, analia mara kwa mara. Tumempelekea unga na sabuni, tumeomba naye. Wengine wanasema amwachishe mtoto dawa, tufunge siku tatu. Naomba ushauri.

Fundi_Mazoezi
Shalom. Unga ni mzuri, ila anachokosa ni usingizi. Pangeni zamu: Jumanne na Jumamosi, saa 8 mpaka saa 10 mchana, watu wazima wawili, wale wale kila wiki. Wawili ni kwa usalama wa mtoto na wenu pia. Wiki mbili za kwanza mwangalieni tu mama anavyomlisha. Zamu nyingi hufia hapa: watu huja na ari, mtoto anapaliwa siku ya kwanza, mama hamwachii mtu tena.

Asilishwe akiwa amelala, wala kichwa kisiegemee nyuma. Chakula huingia njia ya hewa, na ndiyo maana watoto hawa huugua nimonia kila mara. Mketisheni wima, khanga iliyokunjwa kila ubavu, kidevu kiiname kidogo. Uji uwe mzito wa kudondoka polepole kwenye kijiko, maana mwepesi hupalia zaidi. Nusu kijiko cha chai, ngoja ameze, ndipo kingine. Mlo unaweza kuchukua dakika 40. Akishamaliza abaki wima nusu saa.

Mtumishi_Pongwe
Wapendwa, kufunga fungeni ninyi, mtoto anywe dawa. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, degedege hurudi kwa nguvu na huenda lisikome. Likija: mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, tazameni saa. Likipita dakika 5, hospitali. Na anayemwambia huyo mama kuwa ni dhambi yake, akasome Yohana 9. Wanafunzi waliuliza kama yule kipofu alizaliwa hivyo kwa dhambi yake au ya wazazi wake, Yesu akakataa. Hilo litamkwe madhabahuni, maana aibu ndiyo iliyomfungia ndani.

Nesi_Afya_ya_Akili
Huzuni iliyozidi wiki mbili, pamoja na kukosa usingizi, inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika. Mmoja anayeaminiwa amuulize faraghani, waziwazi: "Dada, umewahi kuwaza kujidhuru, au kumdhuru mtoto?" Kuuliza hakupandikizi wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali ya Bombo, hapo Tanga, siku hiyohiyo. Akisema hapana, bado aonwe na daktari. Msindikizeni na mtoe nauli. Walutheri wana hospitali ya akili Lutindi, Korogwe, na huko Irente, Lushoto, wana shule ya watoto wenye ulemavu wa akili. Ulizeni nafasi kabla ya kusafiri.

Jumuiya_Makorora
Mbarikiwe. Swali moja: kijiko kikigusa meno mtoto anauma kwa nguvu, hakitoki.

Fundi_Mazoezi
Hafanyi kusudi, taya hujifunga lenyewe. Msivute, mkivuta linakaza zaidi. Tulieni, inamisheni kichwa chake mbele kidogo, ngojeni lilegee. Tumieni kijiko bapa cha plastiki nene isiyovunjika, kiwekwe katikati ya ulimi, kikandamize kidogo, kitoke moja kwa moja bila kukwangua meno ya juu.