Naomba ushauri: Baba anataka kumlipa Mungu kwanza ndipo abatizwe

Binti wa Mwaloni (Mwanza)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Baba yangu ana miaka 71 na amemiliki mitumbwi ya dagaa hapa Kirumba kwa muda mrefu. Tangu mwaka jana moyo unamsumbua, hata kupanda kutoka mwaloni, ufukweni inapotia mitumbwi, hadi barabarani anapumzika mara mbili. Hakuwahi kuwa mtu wa kanisa. Sasa anataka kubatizwa, na mwinjilisti wetu amekwisha kumfundisha, lakini kila siku ya ubatizo inapopangwa anaiahirisha akisema, "Siwezi kwenda kwa Mungu mikono mitupu. Nilipe kwanza."

Deni analolisema nalijua. Analo daftari la jalada jeusi, kurasa zake zimekakamaa kwa maji ya ziwa na zinanuka dagaa mpaka leo, ambamo aliandika hesabu za mgao. Walio mwaloni wanaelewa: kutoka katika mauzo ya usiku hutolewa kwanza gharama za mafuta, taa na chakula, kisha kinachobaki ndicho wanachogawana tajiri, yaani mwenye mtumbwi, na wavuvi. Kwa miaka mingi Baba aliandika lita 30 za mafuta mahali zilipotumika 20. Sasa amepata mnunuzi wa injini ya mtumbwi, nayo ndiyo inayomlisha Mama, na fedha yote anakusudia kuitoa kwenye ujenzi wa kanisa ili, kwa maneno yake, "daftari lifungwe".

Nimemsomea Waefeso 2:8-9, kwamba tumeokolewa kwa neema, wala si kwa matendo. Akanijibu, "Mwanangu, tajiri hatoi cha bure." Nimweleze vipi neema bila kumfanya aone kwamba wale aliowadhulumu si kitu?

Mwinjilisti Mstaafu (Sengerema)

Binti yangu, baba yako yuko karibu na Paulo kuliko anavyodhani, kwa sababu Warumi 4:4 inazungumza lugha ya mwaloni kabisa: kwa mtu afanyaye kazi, ujira wake hauhesabiwi kuwa ni neema, bali kuwa ni deni. Mvuvi anapopokea mgao wake asubuhi hapokei zawadi, anachukua haki yake. Baba yako anataka naye afike mbele za Mungu kama mvuvi anayedai mgao, ilhali mstari wa tano unasema kwamba Mungu humhesabia haki "asiyekuwa haki", yaani mtu ambaye bado hana cha kuonyesha. Yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Bwana, katika Luka 23, hakupata hata nafasi ya kurudisha alichochukua. Mikono yake ilikuwa msalabani. Alisema tu, "Nikumbuke", na akaahidiwa pepo siku ileile.

Kisha msomee habari ya Zakayo, yule mtoza ushuru, katika Luka 19, polepole, akiangalia nini kilitangulia. Yesu alijialika nyumbani kwake kabla Zakayo hajataja fedha yoyote. Baada ya kupokelewa ndipo aliposimama na kusema kwamba atawarudishia mara nne aliowanyang'anya, wala hatusomi popote kwamba alizipeleka hekaluni.

Baharia wa Ukara

Shikamoo mwinjilisti. Niruhusu niseme kwa niaba ya walioandikwa katika daftari hilo. Nilivua kwa miaka sita upande wa Ukerewe, na tajiri wangu alitufanyia vivyo hivyo. Alipookoka alisimama kutoa ushuhuda, akapigiwa vigelegele, nasi tumeketi benchi la nyuma. Hatukupata hata shilingi. Tangu siku ile neno neema hunichoma. Yakobo 5:4 inasema kwamba ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele. Asitokee mtu wa kumwambia mzee kwamba yamekwisha.

Mwinjilisti Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Ulidhulumiwa mara mbili, na mara ya pili neno la Mungu ndilo lililotumiwa kama pazia. Kusamehewa na Mungu hakufuti haki yako. Waefeso 2 haiishii mstari wa tisa. Wa kumi unasema tuliumbwa katika Kristo tutende matendo mema.

Mtoaji (Igoma)

Mwacheni mzee atoe kanisani. Sadaka ni sadaka.

Mwinjilisti Mstaafu

Fedha hiyo ina wenyewe, ndugu yangu.

Mama wa Jumuiya (Nyegezi)

Mimi ni Mkatoliki, na nimesikia mara nyingi ikidaiwa kwamba sisi tunafundisha watu kuinunua mbingu. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wetu, mwaka 1547, ulitamka kwamba hakuna kinachotangulia kuhesabiwa haki, iwe imani au matendo, kinachoistahilia neema hiyo. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja wakikiri kwamba Mungu hutukubali kwa neema tu, si kwa stahili yetu. Tofauti bado zipo, lakini hazimhusu mzee wetu leo. Kwetu aliyeiba huondolewa dhambi katika kitubio na bado huagizwa arudishe mali ya watu. Kuhusu injini, nakusihi: mama yako asifanywe mlipaji wa makosa ambayo hakuyatenda.

Binti wa Mwaloni

Nawashukuru nyote, na wewe Baharia kwa namna ya pekee, kwa kuwa nilimsomea Baba maneno yako yote. Kwanza nilimsomea Warumi 4:4, daftari likiwa magotini pangu. Alinyamaza sana, kisha akauliza, "Kwa hiyo Yeye siwezi kumwekea hesabu?" Nikamwambia hawezi. Akalia. Sikuwahi kumwona Baba akilia.

Baadaye aliniambia niandike majina. Tumepata saba, wawili wamekwisha kufariki, na tunawatafuta wajane wao. Injini haitauzwa. Sehemu ya tajiri katika kila mauzo itagawanywa, nusu ya Mama na nusu ya wale saba, mpaka hesabu iishe. Ubatizo ni Jumapili ijayo, kabla ya malipo ya kwanza, na kwake hilo ndilo lililokuwa gumu kulikubali kuliko yote.

Jana alifika wa kwanza wao, kutoka Igombe. Baba alijishikilia ukutani ili asimame kumpokea, naye akamwekea mkono begani akasema, "Kaa tu, mzee."