Tupeane uzoefu: Kwenda kazini kwa gari moja na kuchangiana mafuta, kwako ilikuwaje?

Habari zenu wakuu. Mimi na majirani watatu huu mwaka wa pili tunaenda kazini na gari moja, kila mtu ana gari yake ila tunapokezana, wiki hii yangu wiki ijayo ya mwingine. Naomba tuambiane ukweli maana kuna watu wanatamani kuanza ila hawajui wanaingia kwenye nini.

Wese ndio sehemu rahisi. Sisi ni kilomita 20 kwenda na 20 kurudi, gari inatembea kama kilomita 10 kwa lita, kwahiyo lita 4 kwa siku, kwa siku 22 za kazi ni lita 88. Zamani kila mtu alikuwa anachoma hizo 88 peke yake, yaani magari manne lita 352, sasa hivi tunachoma hizo 88 wote wanne, weka na kidogo ya kupitiana majumbani. Hapo hujagusa oili, matairi na parking.

Kazi ipo kwenye kusubiriana. Tulikuwa na mwenzetu mmoja kila asubuhi "natoka sasa hivi" na huku taa ya bafuni unaiona inawaka, dakika 10 zinaisha, mkifika barabara kuu foleni imeshashikana na wote mnachelewa kwa ajili ya mtu mmoja. Tukakaa tukakubaliana dakika 3, zikiisha gari inaondoka. Siku ya kwanza ya kuitekeleza mimi ndio nilikuwa dereva, nakata kona nikamuona kwenye kioo anakimbia viatu ameshika mkononi. Roho iliniuma sana na kidogo nisimame ila nikaenda. Alininunia wiki nzima. Jumatatu iliyofuata tunafika kwake tukamkuta kasimama nje begani ana begi, na hajachelewa tena mpaka leo.

Karibuni, wenye gari na msio na gari.

---

Asante mleta mada. Mimi ni dada sina gari, nilikuwa napewa lifti na mfanyakazi mwenzangu. Mwanzoni nikamuuliza nichangie shilingi ngapi akasema "aah wewe toa tu unachojisikia", basi nikawa nampa kila mwisho wa mwezi, anapokea anashukuru. Baada ya miezi kama mitano nikaja kusikia ofisini anasema mimi napanda bure. Jamani niliumia, nililia chooni siku ile. Kumbe kiasi alikuwa nacho kichwani muda wote ila anaona aibu kukitaja, na mimi naona aibu kumuuliza mara ya pili.

Sasa hivi niko na watu wengine na pesa tuliitaja kabla hata sijapanda siku ya kwanza, tarehe ya kulipa inajulikana, na nikiwa likizo najulisha wiki moja kabla ili wajue nafasi ipo. Tunaongea vizuri tu hakuna aliyekasirika. Wenye magari nawaomba tajeni kiasi, sisi abiria hatuchukii kuambiwa.

---

Nakazia kwenye pesa ila upande wa bima. Niligongwa kwa nyuma kwenye taa, nina abiria watatu, bampa imeingia ndani, hakuna aliyeumia namshukuru Mungu. Kwenye kudai, swali la kwanza naulizwa hao watu wanakulipa? Jasho lilinitoka. Sehemu nyingi bima ya gari binafsi haikulindi ukibeba watu kwa faida, kugawana gharama ya safari kwa kawaida inakubalika ila ukikusanya kuzidi matumizi unahesabiwa unafanya biashara. Bahati nzuri nilikuwa na daftari la mafuta na michango, wakaona sikuwa napata cha juu, nikalipwa. Soma mkataba wako na uwaulize kabla, usisubiri ajali.

---

Mimi kilichonitoa ni mtoto. Saa 5 asubuhi shule wanapiga simu mtoto ana homa kali na gari nimeacha nyumbani, mwenye zamu yuko kwenye kikao simu kazima. Nilihangaika karibu saa nzima kupata usafiri. Baadaye nilirudi kwenye grupu ila kwa sharti kwamba kila mmoja anachangia kidogo pembeni kwa ajili ya dharura, ikitokea unachukua teksi hela ipo. Marekani kuna miji wana mpango kabisa wa hivi, ukija kazini na gari la kushea na ukapata dharura unarudishwa nyumbani.

Na kwa wanawake wenzangu, kama unapanda na mtu usiyemfahamu vizuri piga picha namba ya gari mtumie ndugu yako, na mwambie dereva umeituma. Dereva mwenye nia njema hatakasirika.

---

Nimefanya kazi miaka miwili karibu na Washington. Kule kuna vituo asubuhi watu wanapanga mstari, anakuja dereva usiyemjua anataja anakoelekea, mnapanda wawili mnaondoka. Hutoi hata senti. Yeye anachopata ni ile njia maalum ya magari yenye watu 3 na kuendelea, anaipita foleni yote. Na wana adabu zao, abiria hauanzishi maongezi mpaka dereva aanze, na mwanamke haachwi peke yake kwenye mstari. Wiki ya kwanza ule ukimya ulinipa hofu, baadaye nikaupenda maana nilikuwa nalala.

---

Fupi tu, pafyumu kali, kuongea na simu kwa sauti njia nzima na kubamiza mlango. Grupu letu lilivunjika kwa hayo matatu na wala si hela.

---

Mimi nilimpitia mzee mmoja wa ofisini kwetu miaka sita, siti ya mbele ilikuwa yake. Hakuwa muongeaji, ila kila Ijumaa jioni ananikabidhi mchango wake umekunjwa kwenye karatasi, hajawahi kuruka hata Ijumaa moja. Mwaka jana akastaafu. Jumatatu ya kwanza nimejikuta nimekata kona ya kwake kwa mazoea, na nikamkuta yuko getini amesimama. Alikuwa ameshika ule mto mdogo wa mgongo aliokuwa anaegemea, akanipa dirishani akasema mpe atakayekaa mbele, hiyo siti inaumiza kiuno.