Ushauri wenu wakuu: Parker 51 imegoma kuandika, na inatakiwa iwe tayari Jumamosi

Mkereketwa_wa_Nibu (mleta uzi)
Habari za humu wakuu. Nina kalamu ya wino wa kujaza, Parker 51 nyeusi, kifuniko cha chuma chenye alama ya almasi ya buluu kwenye klipu, ya mwaka 1945. Nimeijaza wino lakini haiandiki. Nikiikung'uta inatoa tone, inaandika nusu mstari, kisha inakauka. Nimeisukuma maji, wapi. Swali langu ni moja tu: nikitaka kufungua shingo ya mbele, ile inayofunika nibu (ncha ya kuandikia), nitumie koleo la aina gani? Inatakiwa iwe inaandika vizuri ifikapo Jumamosi. Natanguliza shukrani.

Fundi_Shingo
Koleo la aina yoyote lirudishe kwenye sanduku. Shingo ya 51 ni akriliki, ile inayoitwa Lucite, na meno ya koleo yataacha makovu hata ukilifunga kitambaa. Shingo imefungwa kwa nyuzi na kupakwa shelaki, gundi ya asili, ili isivuje, kwa hiyo kinachoifungua ni joto kavu na subira. Draya ya nywele, umbali wa sentimita 10 hivi, huku unaizungusha kalamu muda wote. Shelaki hulegea kwenye nyuzijoto 60 hadi 70. Ikiwa moto kiasi kwamba huwezi kuishika kwa muda, jaribu kuizungusha kinyume cha saa ukiwa na kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli mkononi. Ikikataa, ongeza muda, usiongeze nguvu. Karibu na nyuzijoto 100 akriliki yenyewe inaanza kulainika na shingo inapinda. Na kabla hujaifungua, tia alama ya penseli inayoonyesha ncha ya shingo ilielekea wapi, maana wakati wa kurudisha lazima ikae sawa na nibu.

Ila sijaona sababu ya kuifungua. Jaza taarifa kwanza.

Nibu_Nene
Mimi naona tatizo ni nibu. Chukua lenzi ya sonara ya kukuza mara 10, elekeza ncha kwenye mwanga. Ufa kati ya ndimi mbili za nibu uonekane kama uzi mwembamba unaokaribia kufungika kwenye ncha. Kama huoni mwanga kabisa, ndimi zimebanana na wino hauna njia. Pitisha karatasi ya shaba ya unene wa milimita 0.05, mara chache, taratibu. Usitumie wembe, chuma chake ni kigumu kuliko dhahabu ya nibu na utaukwangua ufa. Tena angalia kama ndimi ziko kimo kimoja, moja ikipanda utasikia kalamu inakwaruza ukiandika kuelekea upande mmoja tu. Watu wanakimbilia karatasi za kusugulia wakati kazi ilikuwa ya kusawazisha ndimi kwa kucha.

Mkereketwa_wa_Nibu
Nimeangalia, ufa upo na mwanga unapita. Kwa hiyo tunarudi kwenye shingo?

Bi_Kidau
Haturudi popote. Wino gani umo ndani?

Mkereketwa_wa_Nibu
Mweusi wa kawaida.

Bi_Kidau
"Mweusi wa kawaida" hakuna, mwanangu. Kuna wino wa rangi iliyoyeyuka kwenye maji, huo ndio salama. Kuna wa chembe ndogo sana za kaboni uliotengenezwa kwa kalamu hizi, kama Platinum Carbon au Sailor Kiwa-Guro, unaotaka kuoshwa mara kwa mara. Kuna wa chuma na tanini. Na kuna wa kuchorea. Kila mmoja una dawa yake, na dawa ya huu ni sumu ya ule. Taja jina la chupa.

Karani_wa_Zamani
Vijana wa siku hizi mnanunua kalamu kwa sura. Kalamu kongwe unaijaza maji kwanza, unaiacha usiku kucha juu ya karatasi ya shashi, unatazama kama inavuja, ndipo unafikiria wino. Haraka ya nini?

Mkereketwa_wa_Nibu
Sawa, ni wino wa India. Lakini sikuuchagua kwa ujinga. Nilitaka mstari mweusi usiofutika kwa maji, na chupa imeandikwa wazi kuwa ni wa kalamu. Tena spiriti ninayo hapa mezani, nimesoma inayeyusha shelaki. Nilitaka tu kujua habari ya koleo ili nifungue nichovye kila kitu kwa pamoja.

Bi_Kidau
Funika hiyo spiriti sasa hivi.

Hiyo chupa inazungumzia kalamu za kuchovya, zile nibu tupu unazifuta kwa kitambaa ukimaliza. Wino wa India ni masizi ya kaboni yaliyoshikwa na gundi, na mara nyingi gundi hiyo ni shelaki. Ikikauka haiyeyuki tena kwa maji. Ndani ya 51 kuna kolekta, kile kipande cha plastiki chenye mapezi mengi membamba yaliyopangwa kama kurasa za kitabu. Kazi ya mapezi ni kushika wino uliozidi pale hewa ya ndani inapopanuka, na nafasi kati yao ni finyu mno. Huko ndiko ulikomwaga gundi.

Sasa spiriti. Ni kweli inayeyusha shelaki, ila inashambulia akriliki pia. Shingo yako itajaa nyufa nyembamba mithili ya utando wa buibui, na hizo hazing'arishwi zikatoka. Isitoshe, italegeza ile shelaki ya nyuzi inayozuia kuvuja.

Fundi_Shingo
Hapo umesema, Bi. Njia ya kupitia ni alkali, kwa sababu shelaki hulainika kwenye alkali pia na akriliki haidhuriki. Mleta uzi, fuata hivi:

Amonia ya nyumbani, isiyo na manukato wala rangi, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, tone moja la sabuni ya vyombo. Fungua dirisha. Usiikaribishe na dawa ya klorini ya kufulia, zikichanganyika zinatoa gesi ya sumu. Simamisha kalamu nibu chini, maji yafike katikati ya shingo, yasiguse pete ya chuma kwa sababu amonia hula shaba iliyo chini ya mchovyo. Dakika 30, kisha jaza na kumwaga mara kumi, badilisha maji, rudia. Maji yatatoka ya kijivu, baadaye yatatoka na vipande vyeusi. Vipande ni habari njema. Malizia kwa maji safi mpaka harufu iishe kabisa.

Ungekuwa wino wa chuma ningekukataza amonia, maana inaugandisha hukohuko ndani. Ule unataka maji kwanza, halafu asidi ya askobiki, yaani vitamini C ya unga, kidogo kwenye maji ya uvuguvugu.

Tuambie pia: ukijaza, kinachobonyezwa kinarudi vipi?

Mkereketwa_wa_Nibu
Nimeelewa, amonia naipata. Nikibana kile kibao cha kwenye bomba la chuma, mfuko wa wino uliomo ndani unarudi polepole sana, na mapovu hayatoki.

Fundi_Shingo
Basi jibu tunalo. Mapovu yasipotoka na mfuko ukirudi kwa kusuasua, njia imeziba mbele, ama kwenye kolekta ama kwenye kile kitubu cha hewa kinachoingia mfukoni. Yangetoka mapovu bila kujaza, ningesema mfuko umetoboka au kitubu kimepasuka. Usiufinye mfuko kwa nguvu ukidhani utasukuma uchafu. Ule si mpira, ni plastiki inayodumu miongo mingi ikiachwa kwa amani, na ukiupasua, kupata mwingine ni kazi.

Dokta_Mzaha
Amonia, spiriti, vitamini C. Mgonjwa alazwe tu.

Karani_wa_Zamani
Mimi bado niko kwenye Jumamosi. Jumamosi kuna nini?

Mkereketwa_wa_Nibu
Hilo halihusiani na wino mkuu.

Karani_wa_Zamani
Mficha uchi hazai.

Mkereketwa_wa_Nibu
Haya. Kuna mtu tumekubaliana kubadilishana. Ananipa Pelikan 400 ya milia ya kijani, mimi nampa 51. Nimeshamwandikia kwamba inaandika, na itakuwa inaandika, ndiyo maana nipo hapa. Sioni kosa. Kila kalamu kongwe imewahi kuziba.

Nibu_Nene
Pelikan 400 nzuri sana hiyo, zilianza 1950. Ukiipokea usiizungushe pistoni kavu. Vuta maji kwanza, na nyuma ya pistoni tia grisi safi ya silikoni kiasi cha kichwa cha pini. Si mafuta ya mgando, yale yanaharibu mpira. Nibu yake inatoka kwa kuzungushwa, lakini iloweke kwanza, ikiwa na wino mkavu utapasua kile kipande cha chini kinachopeleka wino kwenye nibu.

Karani_wa_Zamani
Yaani mtu anataka kumtwisha mwenzake kalamu yenye gundi tumboni, na wewe unamfundisha kupaka grisi mahari!

Mdadisi_51
Ngojeni kwanza kabla hatujagombana. Someni tena posti ya kwanza. Amesema 1945. Kisha soma pale anapobana kibao cha kwenye bomba la chuma chenye mfuko. Hivyo viwili havikai kwenye kalamu moja.

51 kuanzia 1941 hadi 1948 zilikuwa za mfumo wa Vacumatic: unafungua kifuniko kidogo cha nyuma, unakuta kibonyezo, na wino unakaa moja kwa moja ndani ya mwili. Hakuna mfuko. Mfuko na kibao ni Aerometric, na hiyo imekuja 1948. Halafu almasi ya buluu kwenye klipu, kwa zile za Marekani, ilikuwa imeshaachwa kabla Aerometric haijatoka. Kwa hiyo tunapewa mwili wa wakati mmoja, kifuniko cha wakati mwingine na mwaka wa kuokota. Hii ni chai, wakuu. Mtu kasoma mitandaoni huku na kule akaunganisha.

Dokta_Mzaha
Chai ya moto, na mimi nimeshaweka vitafunwa.

Fundi_Shingo
Si lazima iwe chai. Vifuniko vya 51 vinahama sana kutoka kalamu hadi kalamu, huwezi kuipa kalamu umri kwa klipu. Mleta uzi, huo mwaka umeusoma wapi? Kwa kalamu ya miaka hiyo, tafuta maandishi madogo kwenye mwili, kando ya MADE IN U.S.A. kuna tarakimu ya mwisho ya mwaka, na nukta zinazopungua kila robo ya mwaka. Maandishi yakiwa yamefutika ujue kuna mtu aling'arisha kupita kiasi.

Mdadisi_51
Na aweke picha. Sio ya nibu, ya sehemu ya kujazia.

Mkereketwa_wa_Nibu
Sijatunga kitu. Zipo mbili. Ya 1945 ni Vacumatic, tarakimu 5 inaonekana, lakini kiwambo chake cha mpira, kile kinachovuta wino, kimekufa, haivuti hata tone. Ya mfuko ndiyo yenye wino wa India. Picha niliyomtumia huyo mtu ni ya ile ya 1945. Nikaona nichukue kifuniko chake nikiweke kwenye hii inayopona haraka. Kwa nje zote nyeusi, nibu zote zimefichwa, na kuandika zinaandika sawa. Kifuniko kimekaa vizuri tu.

Mdadisi_51
Kumbe chai ilikuwa ya vikombe viwili. Akifungua mwili kuijaza, kitu cha kwanza atakachokiona ni bomba la chuma. Hata anayeanza leo kukusanya anajua tofauti hiyo.

Bi_Kidau
Tena mtu mwenye Pelikan 400 ya milia hawezi kuwa anayeanza leo. Mwandikie usiku huu, kabla hajafunga kifurushi. Mwambie ziko mbili, hii ina mfuko na ilitiwa wino wa India, ile ya 1945 inataka kiwambo. Achague yeye. Wako wakusanyaji wanaopenda Vacumatic isiyoguswa kuliko iliyotengenezwa na mtu wasiyemjua.

Fundi_Shingo
Akichagua ile ya 1945, usianze kuitengeneza kwa ajili ya Jumamosi. Kitengo cha kujazia kinatoka kwa ufunguo wake maalumu unaoshika nyuzi zote, vidole na koleo vinazivunja. Kiwambo kipya kinakatwa urefu, kinapakwa poda ya talki kidogo, kile kidonge chake cha mwisho kinabanwa kwenye kikombe cha kibonyezo mpaka usikie kimeingia, kisha mpira unageuzwa nje ndani. Vipande vya mpira wa zamani visipokwanguliwa vyote kwenye ukingo wa ndani wa mwili, kipya hakifungi na wino unapita nyuma.

Mkereketwa_wa_Nibu
Nimemwandikia, bado hajajibu. Amonia raundi ya tatu, vipande vyeusi vinatoka na kibao kinarudi upesi kidogo. Mapovu yameanza. Sasa nijaribu wino?

Fundi_Shingo
Bado. Endelea mpaka raundi mbili mfululizo zitoke bila kipande hata kimoja. Kisha maji safi, halafu ifunge kwenye karatasi ya shashi nibu chini usiku kucha. Asubuhi karatasi ikiwa na doa la kijivu, rudi kwenye amonia. Ikiwa safi, jaza wino wa rangi wa buluu unaooshika, ukurasa mzima bila kupumzika. Mstari ukianza kufifia katikati ya ukurasa, hapo ndipo tutazungumza habari ya draya.

Nibu_Nene
Na kifuniko cha almasi kirudi kwa mwenyewe. Kabla hujakirudisha, tazama zile chemchemi za chuma mdomoni mwake. Kama zimeanza kuchora mistari kwenye mwili wa hiyo ya mfuko, usiivalishe tena.

Mdadisi_51
Picha ya sehemu ya kujazia bado tunaisubiri. Zote mbili.