Mkulima Asiyeweka Mbolea: Je, Amekosea Hesabu?

Mtoa mada

Hoja ninayoileta kwa wasomaji ni hii: mkulima mdogo wa mahindi anayejua kwamba mbolea huongeza mavuno, ambaye hata duka la pembejeo haliko mbali naye, lakini msimu ukifika anapanda bila mbolea, je, ameshindwa kupiga hesabu, au amepiga hesabu ambayo sisi tulio nje ya shamba lake hatuioni? Jibu tunalolichagua ndilo linaloamua kama fedha za umma zitakwenda kwenye elimu ya ugani, kwenye ruzuku, au kwenye kukagua kilichomo ndani ya mfuko.

Nadharia ya uchaguzi wa kimantiki inasema kwamba mtu hupima faida na gharama za kila njia iliyo mbele yake, kisha huchagua ile inayomfaa zaidi kulingana na anachokitaka, anachokijua na alicho nacho. Mwaka 1964 mwanauchumi Theodore Schultz aliitumia kuwatetea wakulima wa jadi, akisema kuwa ni maskini lakini wanakitumia vizuri kidogo walicho nacho, na huo ulikuwa ujasiri katika zama ambazo wataalamu wengi waliona kwa mkulima uzembe na ukaidi tu. Miaka minne baadaye mwanauchumi mwenzake Michael Lipton alimkosoa kwa hoja ambayo naiona ina uzito zaidi: mtu anayeishi karibu na njaa hatafuti mavuno makubwa ya wastani, bali anatafuta kwanza usalama wa mwaka mbaya. Aliyekopa mbolea, mvua zikakatika kabla mahindi hayajabeba, hukosa mavuno na bado hudaiwa, ilhali jirani yake aliyepanda bila mbolea amekosa mavuno tu, wala hadaiwi.

Hofu hiyo imepimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, Dean Karlan, Christopher Udry na wenzao waliwapa baadhi ya wakulima wa kaskazini mwa Ghana bima ya mvua, yaani inayolipa mvua zinapokosekana, na wengine fedha taslimu. Waliopata bima ndio walioongeza zaidi matumizi yao shambani. Maana yake ni kwamba kilichokuwa kikiwazuia kwa sehemu kubwa ni hatari ya kupoteza, wala haikuwa ujinga.

Kuna pia suala la bidhaa yenyewe. Mwaka 2017 Tessa Bold na wenzake walichapisha matokeo ya kupima mbolea na mbegu zilizonunuliwa katika maduka ya Uganda, wakakuta kwamba mbolea ilipungukiwa na takriban 30% ya virutubisho vyake, na kwamba katika mbegu chotara za mahindi zilizouzwa, mbegu halisi hazikufika nusu. Kwa bidhaa ya namna hiyo, anayekataa kununua ndiye mwenye hesabu sahihi, na ofisa anayemhimiza anunue ndiye anayempotosha.

Msimamo wangu basi ni kwamba, kabla ya kumhukumu mkulima kuwa haamui vizuri, ni wajibu wetu kukagua kila tarakimu iliyoingia katika hesabu yake: bei siku anapohitaji kununua, umbali, ubora, mvua, na nani atamlisha endapo mambo yataharibika.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, nakubaliana nawe kuhusu Uganda, lakini hoja yako inamfanya mkulima awe sahihi daima, kwa sababu kila akifanya jambo lisilo na faida unamtafutia gharama iliyofichika. Nadharia ambayo hakuna tendo linaloweza kuikanusha haitusaidii kupanga chochote.

Chukua mfano wa Busia, magharibi mwa Kenya, ambako Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya majaribio katika mashamba ya wakulima wenyewe. Nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia kwa kila shimo ilileta faida ya wastani wa 36% kwa msimu mmoja. Kiasi hicho hakihitaji mtaji mkubwa, mtu anaweza kuanza na kipande kidogo cha shamba. Wakulima walioshiriki katika mashamba ya maonyesho karibu wote walisema kwamba watatumia mbolea msimu unaofuata, lakini walioitumia kweli hawakufika nusu. Hapa hatari ya mvua haielezi kila kitu, kwa kuwa waliijua tangu siku waliyosema watanunua.

Kinachoeleza ni udhaifu wa binadamu wote, ukiwamo wangu na wako: leo huonekana kubwa kuliko kesho. Fedha ya mavuno huja, mkulima hukusudia kununua baadaye, na baadaye inapofika fedha imekwisha. Watafiti hao walipomfuata mkulima mara tu baada ya kuvuna, wakamwuzia mbolea kwa bei ya kawaida na kumpelekea bila malipo ya usafiri, ongezeko la matumizi lililingana na lile lililoletwa na punguzo la 50% lililotolewa baadaye msimuni. Mwanauchumi Herbert Simon alikwisha kueleza katika miaka ya 1950 kwamba akili ya mtu ina mipaka ya muda na taarifa, na wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky mwaka 1979 wakaonyesha jinsi hasara inavyotuuma kuliko faida iliyo sawa nayo inavyotufurahisha. Kumsaidia mtu atimize alichokusudia mwenyewe si kumdharau.

Mtoa mada

Nashukuru, na hoja ya muda naipokea. Hata mimi naona ni kosa kubwa kwa serikali zetu kutangaza ruzuku wakati wa kupanda, ambapo ada za shule na chakula vimekwisha kuimaliza fedha ya mavuno. Mbolea ingeuzwa palepale kwenye vituo vya kununulia mahindi, siku mkulima anapokea malipo yake.

Hata hivyo, Busia hiyohiyo ina matokeo mengine. Mchanganyiko kamili uliopendekezwa na Wizara ya Kilimo, yaani mbegu chotara pamoja na mbolea ya kupandia na ya kukuzia, haukumlipa mkulima wa wastani. Wataalamu walikuwa wakimlaumu kwa kutofuata ushauri ambao kwake ulikuwa wa hasara. Tena mpango wa kuuza wakati wa mavuno ulipokoma, matumizi hayakubaki juu, jambo linaloonyesha kwamba huduma hiyo lazima iwe ya kudumu.

Kuhusu nadharia isiyokanushika, natoa mfano unaonibana mimi mwenyewe. Hope Michelson na wenzake walipima mbolea katika maduka ya Morogoro, wakaikuta inafikia viwango, ingawa wakulima wengi waliamini kuwa ni mbovu na hawakuwa tayari kuilipia bei kamili. Mbolea iliyoganda mabonge waliitilia shaka hata kama virutubisho vyake vilikuwa kamili. Hapo imani ilikosea. Lakini dawa yake ni upimaji wa wazi ambao mnunuzi anaweza kuuamini, na kuaminiwa huko hakuwezi kujengwa kwa semina, hasa baada ya wakulima wa Kenya kuuziwa mbolea bandia ndani ya mpango wa ruzuku ya serikali yenyewe mwaka 2024.

Mchangiaji wa pili

Nyote wawili mmezungumzia "mkulima" kana kwamba ni mtu mmoja mwenye nia moja. Christopher Udry, mwaka 1996, alionyesha kwamba katika kaya zilezile za Burkina Faso, mwaka uleule na zao lilelile, karibu mbolea yote ilikwenda kwenye vishamba vya wanaume, na vya wanawake vilivuna kidogo kwa ekari. Kwa makadirio yake kaya ilipoteza karibu 6% ya mavuno kwa kugawa vibaya nguvukazi na mbolea kati ya vishamba hivyo. Mume na mke walikuwa kila mmoja akiamua kwa mantiki yake, na kaya ikapata hasara.

Kwa hiyo orodha ya ruzuku ikiandikwa kwa jina la mkuu wa kaya, hata mbolea ikiuzwa siku ya mavuno na hata ikiwa imepimwa, itaishia kwenye shamba la huyo aliyeandikwa. Ningependa kusikia kutoka kwenu nyote wawili kwa nini kila mwenye shamba lake, mume au mke, asiandikishwe kwa jina lake na kupewa mgao wake mkononi.